Jemadari wa Ukutani

Kahawa ya Sheikh Saeed ilikuwa ikipoa ndani ya finjani, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Mzee Marhoon, mwenye nyumba, alikwisha kuitazama mara tatu kwa pembe ya jicho. Desturi inajulikana: aliyekuja kuposa haigusi kahawa mpaka mwenyeji amwambie kwamba haja yake imekubaliwa. Na Mzee Marhoon alikwisha kuyatamka maneno hayo, tena kwa sauti ya mtu aliyeyaweka tayari tangu asubuhi: "Kunywa kahawa yako, Sheikh Saeed. Binti ni wenu." Hata hivyo finjani haikuguswa, kwa sababu mgeni alikuwa amekwisha kuinuka, amesimama mbele ya picha.

Majlisi ya wageni ya nyumba ile ya Mabela ilikuwa na mazulia, mito ya kuegemea, na kitu kimoja tu cha kutazamwa. Nacho kilikuwa picha ya babu yake Mzee Marhoon, picha ya zamani iliyotiwa rangi kwa mkono, ndani ya fremu ya msaji yenye urefu wa dhiraa moja. Mtu ameketi juu ya kiti cha nakshi, joho jeusi lenye taraza za dhahabu limemwangukia mabegani, upanga uko juu ya mapaja, jambia la fedha liko kiunoni. Chini ya fremu kilipigiliwa kibao cha shaba: *Jemadari Mutasim, Mkuu wa Askari wa Sultani, kisha Liwali wa Pemba.* Kibao hicho Mzee Marhoon alikichongesha mwenyewe kwa fundi wa Mutrah, na kila mgeni alisomewa, hata yule ajuaye kusoma.

"Picha hii umeipata wapi?" Sheikh Saeed aliuliza bila ya kugeuka.

"Nlikabidhiwa kijijini kwetu, Sharqiya, mwaka wa sabini na mbili, tuliporudi ng'ambo hii kutoka Pemba. Shangazi yake baba alikuwa nayo. Akanambia, huyu hapa babu yako, jemadari wa Sultani."

"Na jambia aliyoivaa?"

"Jambia lake," alisema Mzee Marhoon. Neno 'aliyoivaa' lilimkera, akalisahihisha kwa kulitamka vyema. Alikuwa mkaguzi wa skuli kwa miaka thelathini, na maneno ya watu aliyasikia kama daftari la mwanafunzi.

Sheikh Saeed aligeuka, akaipa picha mgongo. Alikuwa brigedia mstaafu, mtu mrefu wa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mjukuu wake Badr, bwana harusi mtarajiwa, alikuwa ameketi kando, macho juu ya zulia.

"Pete ya tatu ya mkanda imekatika, ikafungwa kwa uzi wa fedha," alisema Sheikh Saeed. "Ncha ya ala imebonyea upande wa kushoto. Na kwenye mpini upo msumari mmoja usiofanana na wenzake. Nnakosea?"

Mzee Marhoon hakuwa na haja ya kusogea. Ile picha alikuwa akiipangusa kila Alkhamisi kwa kitambaa cha pamba. Pete, ncha, msumari, vyote alivijua.

"Hukosei. Una macho mazuri."

"Si macho. Jambia hili nnalijua tangu utotoni. Ni la babu yangu. Yeye naye alikuwa jemadari Unguja, na watu wazima wanamjua. Liliibiwa nyumbani kwake, na mpaka anakufa hakulipata. Tumekua tukihadithiwa wizi ule kama watoto wengine wanavyohadithiwa za majini."

Nyuma ya mlango wa ndani, ambako Bi Nasriya na mjukuu wake Aseel walikuwa wakisikiliza, kitu cha bati kilianguka.

"Unasema babu yangu mwizi, Sheikh Saeed? Ndani ya nyumba yangu?"

"Sisemi kitu. Nnauliza tu. Jambia la babu yangu limefikaje kiunoni mwa babu yako?" Alivaa miwani yake, akaivua tena. "Nna mjukuu mmoja wa kiume. Ijumaa ijayo n'tarudi nikiwa na jawabu, ama sitorudi. Na watu wakiniuliza kwa nini sikurudi, mimi si mtu wa kusema uongo."

Walipotoka, Badr alibaki nyuma kidogo, akamshika mkono Mzee Marhoon kwa mikono miwili. "Nisamehe, babu," alinong'ona. Mzee Marhoon alikuwa akiitazama finjani, na alikuwa akijiuliza ni nani aliyempelekea Sheikh Saeed maneno kabla hajaja.

*

"Katumwa," alisema Mzee Marhoon. "Hapana mtu anayetazama picha dakika mbili akaona msumari. Alikuja anajua."

Bi Nasriya alikuwa akikusanya finjani. Alikuwa mke wake kwa miaka hamsini na tatu, na hakuwa mtu wa kukurupuka. "Katumwa na nani, Baba Salem? Na nani anayeijua picha ile zaidi ya sisi?"

"Ndiyo nnalouliza."

"Aa. Basi unaniuliza mimi."

Aseel aliingia na simu mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mhandisi wa maji, na tangu Salem, baba yake, alipofariki Mzee Marhoon ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwozesha. Alikuwa amelia kisha akanawa uso, na alidhani haionekani.

"Badr kaniletea picha yao," alisema. "Ile iliyotundikwa kwao Qurum. Anasema tutazame wenyewe."

Walimzunguka. Kwenye kioo cha simu aliketi mzee mnene mwenye ndevu zilizopasuliwa katikati, juu ya kiti cha nakshi. Joho jeusi. Upanga juu ya mapaja. Aseel alitanua picha kwa vidole viwili mpaka kiuno kikajaa kioo kizima: pete ya tatu, uzi wa fedha, ncha iliyobonyea. Bi Nasriya alikwenda kuitazama ya ukutani, akarudi, akaitazama ya simu.

"Ndilo," alisema. "Wallahi ndilo hilohilo."

"Majambia yanafanana," alisema Mzee Marhoon.

"Majambia ndiyo. Misumari haifanani." Bi Nasriya aliketi. "Baba Salem, nikuulize kitu ambacho sijapata kukuuliza. Nyumbani kwenu Wete niliingia bibi harusi. Sikuliona jambia. Sikuuona upanga, wala joho. Nilichokiona cha babu yako ni mizani ya shaba na kigoda."

"Babu alipostaafu alifungua duka, la kupitishia muda. Nshakwambia."

"Umeniambia. Aliuza nguru mkavu ili kupitisha muda."

Aseel aliinama ili asionekane akicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na furaha. Mzee Marhoon aliliona hilo. Alisimama, akasema anakwenda kutia udhu, ingawa adhana ilikuwa bado saa nzima.

Msikitini alikaa safu ya pili badala ya kwanza. Alijifunza kitu kipya kuhusu nafsi yake, nacho ni kwamba mtu akitiliwa shaka huanza kuwatilia shaka wote. Alimshuku Badr kwa kuleta picha, kwamba labda ilichezewa kwa kompyuta. Alimshuku dereva wa jirani aliyewahi kuingia majlisini kurekebisha kiyoyozi. Alimshuku Sheikh Saeed kwamba amepata mkwe tajiri zaidi na anatafuta mlango wa kutokea. Mmoja tu hakumshuku: jemadari wa ukutani. Mwaka ule wa sabini na mbili, alipokwenda kuomba hati ya kusafiria, karani alimwuliza mbele ya watu: nyinyi mnaotoka huko, mnaosema Kiswahili mpaka mnapoota, ni nani hasa? Mzee Marhoon, kijana wa viatu vya kuazima, alifungua shuka na kumwonyesha picha. Karani alisimama. Akaagiza kiti. Kutoka siku ile hakuna mtu aliyemuacha Mzee Marhoon amesimama.

*

Jumatatu Bi Mwanamize alipiga simu kutoka Al Khoud. Alikuwa binamu yake Bi Nasriya, na hakupata kupiga simu bila ya kitu mkononi.

"Bibi wee, nasikia mambo ya Aseel yamesita."

"Hayajasita. Nani kakwambia?"

"Mimi siye wa kusema. Lakini watu wanasema kuna silaha imepotea. Wengine wanasema upanga wa Sultani. Mimi nikawaambia, nyie, Marhoon namjua, hata kalamu ya serikali hakuwahi kwenda nayo nyumbani. Wakanambia si yeye, ni babu yake. Nikanyamaza, maana babu yake simjui."

Bi Nasriya aliiweka simu juu ya meza ikiwa bado inazungumza, akamtazama mumewe aliyesikia yote.

"Mpaka Ijumaa itakuwa mzinga," alisema.

Siku ile Aseel alirudi kutoka kazini mapema. Hakuvua baibui. Aliingia majlisini, alikokuwa Mzee Marhoon akijifanya kusoma gazeti, akaketi mbele yake kama mtu aliyeitwa kwenye usaili.

"Babu, ofisini leo mtu kaniuliza kama kwetu tunakusanya vitu vya kale. Alikuwa anacheka."

"Mtaje jina."

"Halina maana jina lake. Ukimnyamazisha yeye atabaki mwengine." Alinyoosha kidole kuelekea ukutani. "Tuifungue fremu. Nyuma ya picha za zamani huwa pameandikwa kitu. Mwaka, jina la mpiga picha, chochote. Badr anasema babu yake hataki ya kwao ifunguliwe. Sisi tufungue yetu."

"Haijapata kufunguliwa. Ni amana. Nlikabidhiwa imefungwa."

"Miaka khamsini unapangusa kioo," alisema Bi Nasriya kutoka mlangoni, "na hujaigeuza hata siku moja. Unaogopa nini, Baba Salem?"

"Nnaogopa itaharibika. Karatasi ni ya zaidi ya miaka mia."

"Mimi nnadhani unaogopa mizani."

Hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Mzee Marhoon alilikunja gazeti mara nne mpaka likawa dogo kama kitabu. Alimtazama mjukuu wake. Aliona kwamba hakuwa akimwomba ruhusa ya kumvunjia heshima babu aliyekufa. Alikuwa akiomba tu kuweza kuingia ofisini kesho bila ya kuchekwa. Na aliona jambo jengine, lililomchoma zaidi: binti huyu, ambaye yeye alimfundisha kusema kweli hata pale alipovunja sahani isiyokuwa na shahidi, alikuwa akimsubiri aone atafanya nini.

"Lete kisu cha mezani," alisema. "Chenye ncha butu."

Waliilaza picha juu ya zulia, uso chini. Nyuma palikuwa na ubao mwembamba, umeshikwa kwa misumari midogo iliyoota kutu. Aseel aliing'oa mmoja mmoja, akaipanga ndani ya kisahani cha finjani. Ubao ulipoinuka ulitoa vumbi jekundu, lile la milimani Sharqiya, na harufu ya ubani uliokwisha zamani. Chini yake palikuwa na mgongo wa picha, na juu ya mgongo, wino wa kahawia, mistari sita ya Kiarabu kwa mkono wa mtu ajuaye kuandika lakini si kila siku.

Mzee Marhoon alivaa miwani. Alisoma kimya mpaka mwisho. Kisha alirudi mwanzo, akasoma tena, na midomo yake ikawa inatembea.

"Babu?"

Akawasomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwa sauti ya skuli:

*"Kwa mama yangu Sayyida. Mimi ni mzima, na duka linakwenda. Uliniomba sura yangu, nimeipeleka. Joho na upanga na jambia si vyangu, ni vya mpiga picha, huwavisha watu wote wanaokwenda kwake, na kiti ni chake. Uso ndio wangu. Utazame huo, mama. Mwanao Mutasim, Wete, mwaka wa 1331 Hijria."*

Nje gari la gesi lilipita likipiga kengele yake, likapinda kona, likaendelea kusikika mtaa wa pili.

"Hakusema uongo," alisema Aseel polepole. "Babu, hakusema uongo hata kidogo."

"Na mama mtu?" Bi Nasriya aliuliza. "Hakusomewa?"

"Labda hakujua kusoma. Aliyeitia fremu labda naye hakujua. Ama alijua, akaona watu kijijini wamekwisha kufurahi." Mzee Marhoon aliivua miwani. "Wakaliona joho. Nani kijijini kule angemtazama mtu usoni, na joho lile liko hapo."

Hapo ndipo Aseel alipoitambua maana ya pili ya maneno yale, akaziba mdomo kwa mkono. "Kama jambia lilikuwa la mpiga picha," alisema, "basi babu yake Sheikh Saeed naye…"

"Nyamaza," alisema Mzee Marhoon. Lakini hakusema kwa ukali, kwa kuwa na yeye alikuwa amefika hapohapo.

*

Jumatano, baada ya sala ya Alasiri, aliendesha gari mwenyewe mpaka Qurum. Hakutaka kufuatana na mtu. Picha ilikuwa kiti cha nyuma, imefungwa ndani ya shuka, imekazwa kwa mkanda wa gari kama abiria.

Nyumba ya Sheikh Saeed ilikuwa na mageti mawili. Mfanyakazi aliyekuwa akimwagia miti alimwona mzee akishuka na kitu cha mraba ndani ya shuka, akaweka mpira wa maji chini, akamwambia kwa Kiarabu cha kazini: "Fundi fremu? Mlango wa nyuma."

Mzee Marhoon alifungua kinywa. Angeweza kutaja jina lake, na cheo chake, na cha babu yake. Akakumbuka kwamba cha babu yake hakipo. Akazunguka nyuma. Alipita penye makreti ya maji na mitungi ya gesi, akaingia jikoni, ambako mpishi alimwonyesha kwa mwiko mahali pa kusubiri. Alisubiri amesimama. Hapo ndipo Badr alipomkuta.

"Babu Marhoon. Wamekupitisha huku?"

"Nilikuwa na mzigo. Nipeleke kwa babu yako."

Majlisi ya Qurum ilikuwa kubwa mara tatu ya yake, na jemadari wa ukutani alikuwa mkubwa zaidi pia, ameangaziwa na taa yake mwenyewe. Sheikh Saeed alimpokea kwa adabu na kwa jicho. Kahawa ililetwa. Safari hii Mzee Marhoon ndiye ambaye hakuigusa.

"Umeleta jambia?" Sheikh Saeed aliuliza.

"Nimeleta jawabu. Badr, mwanangu, tupishe."

Badr alipotoka, Mzee Marhoon alifungua shuka, akaigeuza picha uso chini juu ya mapaja yake, akautoa ubao ambao sasa haukuwa na misumari. Sheikh Saeed aliinama akasoma. Alisoma kama alivyosoma mwenzake, mara mbili. Alipomaliza hakuinua kichwa. Aliinua macho tu, yakaenda ukutani, kwenye pete ya tatu, yakarudi.

"Nani mwengine ameisoma hii?"

"Mke wangu na mjukuu wangu."

"Mtu wa magazeti? Mtu wa makumbusho?"

"Hapana."

Sheikh Saeed alikwenda akaufunga mlango, akaujaribu kama umefungika. "Sema unachotaka, Sheikh Marhoon."

"Nimetaka kitu gani?"

"Mtu hamletei mwenziwe karatasi kama hii bure. Una kijana anayetafuta kazi? Una kesi ya ardhi? Sema. Nimefanya kazi na watu miaka arubaini, najua mtu anavyokaa akiwa ameshika kitu."

Mzee Marhoon alihisi damu inampanda masikioni. Kisha, kwa mshangao wake, alimwonea mwenzake huruma, kwa maana alijiona mwenyewe siku nne zilizopita, safu ya pili msikitini, akihesabu maadui.

"Ulimwita babu yangu mwizi," alisema. "Nimekuja kukuonyesha kwamba si mwizi. Basi. Alikuwa na duka la nguru mkavu Wete, na mizani ya shaba. Alivaa nguo za mpiga picha, akamwambia mama yake kwamba ni za mpiga picha. Makosa ni yangu. Yeye hakusema uongo. Mimi ndiye niliyemsemea, miaka khamsini, kwa kibao cha shaba."

Sheikh Saeed aliketi. Nje mpira wa maji ulisikika ukimwaga bustanini.

"Bibi yangu," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "tulikuwa tukimsumbua. Tukiwa watoto. Bibi, liko wapi jambia la babu, tulione, tulishike. Kila siku. Mpaka siku moja akasema limeibiwa." Alijipangusa ndevu. "Alikuwa anataka tumpishe apike."

Mzee Marhoon aliushika ubao usianguke.

"Alikuwa jemadari," Sheikh Saeed alisema. "Babu yangu. Hilo ni kweli."

"Sijasema si kweli. Pengine jambia lake aliliacha nyumbani siku ile. Hilo silijui. Nyuma ya picha yako sikuandika mimi."

"Nisikilize, ndugu yangu." Sheikh Saeed alisogea karibu, na kwa mara ya kwanza alimshika mwenzake goti. "Pigilia ubao wako. Rudisha fremu mahali pake. Mimi n'tawaambia watu nilikosea, macho ya uzee, jambia ni jengine. Ijumaa tunakuja, tunasoma Fatiha, watoto waoane. Wewe ubaki na jemadari wako, na mimi nibaki na wangu. Nani anaumia?"

Lilikuwa jambo jepesi. Misumari sita. Mzee Marhoon aliiona Ijumaa nzima mbele yake, halua na tende na vicheko, na Bi Mwanamize akipiga simu kuomba radhi. Aliuona pia uso wa Aseel juu ya zulia, aliposema: hakusema uongo hata kidogo.

"Aliandika, akangoja wino ukauke, akangoja jahazi, barua imfikie mama yake," alisema. "Nami nimfunike mara ya pili, huku nimesoma? Ya kwanza sikujua."

"Basi utanivua nguo mimi."

"Mimi nna picha moja tu, Sheikh Saeed, na nimeifungua hiyo. Yako ni yako. Uifungue, usiifungue, kwangu hutasikia kitu." Akaufunga ubao, akaikunja shuka. "Ijumaa mlango wangu utakuwa wazi. Njooni, msije."

Alitoka kwa mlango wa mbele. Yule mfanyakazi aliuona wasiwasi wa Badr aliyekuwa akimbebea mzee mzigo wake, akauweka tena mpira wa maji chini, akatazama viatu vyake.

*

Ijumaa Bi Nasriya alipika kahawa kama siku zote, ila alitia hiliki zaidi. "Hawaji," alisema saa kumi. "Mtu aliyeulizia mtu wa magazeti haji." Saa kumi na nusu akasema tena. Aseel alikuwa chumbani, simu ameilaza uso chini.

Gari lilisimama mlangoni saa kumi na moja kasorobo. Walikuwa wawili tu, Sheikh Saeed na Badr, kama mara ya kwanza. Mzee Marhoon aliwapokea, akawakalisha, akaona kwamba Sheikh Saeed amechagua kukaa mkabala na picha.

Picha ilikuwa mahali pake. Kibao cha shaba hakikuwepo. Palibaki matundu mawili ya misumari, na katikati yake kadi nyeupe yenye mwandiko wa mkaguzi wa skuli, herufi zilizosimama sawasawa: *Mutasim, mwenye duka, Wete. Nguo ni za mpiga picha. Uso ni wake.*

Sheikh Saeed aliisoma kadi. Aliisoma kwa muda ambao Bi Nasriya, nyuma ya mlango, aliuona mrefu kuliko mwezi wa Ramadhani.

"Umebadilisha maandishi," alisema.

"Yalikuwa nyuma. Nimeyaleta mbele."

"Watu watakuuliza."

"Wamekwisha kuuliza. Jana alikuja imamu. Nikamsomea."

Badr alikuwa akilitazama zulia tena, lakini safari hii pembe za mdomo wake zilikuwa zinampa taabu. Mzee Marhoon aliushika mdila wa kahawa, akamimina mwenyewe, kiasi cha robo ya finjani kama ipasavyo, akampa mgeni kwa mkono wa kulia.

"Kunywa kahawa yako, Sheikh Saeed. Binti ni wenu. Ni kilembwe wa mwenye duka. Nimesema mapema isije ikawa neno baadaye."

Sheikh Saeed aliishika finjani. Aliigeuza kidogo, akaitazama kama anatafuta ndani yake msumari usiofanana na wenzake. Kisha akainywa, yote, akainyoosha ijazwe tena.

"Ile ya kwetu," alisema, akimtazama Mutasim usoni na si mwenyeji wake, "nimeipeleka kwa fundi. Fremu ilikuwa imelegea."

"Zinalegea, picha za zamani."

"Fundi anasema itachukua muda."

"Inshallah," alisema Mzee Marhoon, akamimina finjani ya pili, wala hakumwuliza ni fundi gani.